Ndonya, Kipini na Utunda: Mapambo ya Kale ya Newala na Masasi katika Vazi la Leo

Vazi la mwanadamu halikamiliki kwa nguo peke yake. Pamoja na kitambaa huja mapambo ya mwilini, yaani vile vitu vidogo vinavyovaliwa masikioni, puani, shingoni, kiunoni, mikononi na kichwani, ambavyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki vilieleza umri, ukoo na hadhi ya mvaaji kabla hajafungua kinywa. Katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako mji wa Newala umekaa ukingoni ukitazama bonde la mto Ruvuma, na katika tambarare ya Masasi iliyo magharibi yake, penye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja, Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuza sanaa ya mapambo iliyo tajiri sana, na sehemu kubwa ya sanaa hiyo inaweza kurudi katika maisha ya kila siku iwapo itarudishwa kwa maarifa na kwa heshima.

Pambo lililojulikana zaidi ni ndonya, kipande cha mti cha mviringo kilichovaliwa na wanawake wa Kimakonde na wa Kimakua katika mdomo wa juu. Mdomo ulitobolewa msichana akiwa bado mdogo, kikatiwa kijiti chembamba, kisha kijiti kikabadilishwa hatua kwa hatua kwa kipande kikubwa zaidi hadi tundu likapanuka. Sambamba na ndonya zilikuwapo chale, yaani michoro iliyokatwa juu ya ngozi ya uso, kifua, tumbo na mgongo kwa mistari iliyovunjika, pembetatu na almasi zilizopangwa kwa ulinganifu. Wanawake wa Kiyao walipendelea kipini, kijiti kifupi cha urembo kinachovaliwa puani, ambacho kinashuhudia uhusiano wao wa muda mrefu na pwani kupitia biashara ya misafara, kwa kuwa kipini kilivaliwa pia na wanawake wa mwambao. Aidha, Wayao walisifika kwa vitana ambavyo meno yake ni vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja, huku sehemu ya kushikia ikivishwa shanga za rangi zilizopangwa kwa michoro ya pembetatu.

Sehemu ya ujuzi huo imehifadhiwa katika maandishi na picha. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kupita Masasi na kuacha kituo cha misheni kikiwa kimechomwa moto, Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia, yaani elimu inayoeleza maisha na desturi za jamii mbalimbali, alifika kutoka jumba la makumbusho la Leipzig nchini Ujerumani na kufanya kazi Masasi, Newala na Mahuta kwa miezi kadhaa. Alipiga picha, akanasa nyimbo kwa silinda za nta na kukusanya vitu vingi, kisha akachapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1909. Kazi hiyo ilifanyika chini ya kivuli cha utawala wa kikoloni na ina mitazamo ya wakati wake. Hata hivyo picha zake ni hazina kwa fundi wa leo anayetaka kujua pambo lilikaaje mwilini.

Mapambo haya yalififia kwa sababu kadhaa zilizoshikana. Misheni ya Kianglikana, iliyoanza Masasi mwaka 1876 kwa kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani, ilileta shule na mavazi ya namna mpya. Uislamu ulienea kutoka pwani na kuleta adabu yake ya kujisitiri. Bidhaa za viwandani zikashuka bei. Na vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga walikuta kwamba chale za usoni, zilizokuwa fahari nyumbani, ziligeuzwa huko kuwa sababu ya kudharauliwa. Ni lazima ikubaliwe pia kwamba kutoboa mdomo na kukata ngozi ya mtoto kulikuwa na maumivu na hatari ya vidonda, na hakuna sababu ya kutamani jambo hilo lirudi. Swali la kweli ni namna ya kuokoa uzuri na maana bila kurudisha jeraha.

Ili kulijibu, inafaa kuyagawa mapambo hayo katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la yale yanayoweza kurudi yalivyo. Kitana cha shanga kinafaa nywele za leo kama kilivyofaa za jana, hasa sasa ambapo wanawake wengi wanaacha nywele zao katika hali ya asili. Bangili na vidani vya shanga havihitaji mabadiliko yoyote. Na kipini kinaweza kutengenezwa kwa namna ya kubana ili mvaaji asitoboe pua. Utunda, yaani shanga za kiunoni zilizokuwa siri ya mwanamke na sehemu ya mafundisho ya unyago, haujawahi kutoweka, ingawa sasa huuzwa hadharani sokoni. Anayeununua hutendewa haki anapoelezwa kwamba asili yake ni faragha na malezi.

Kundi la pili ni la yale yanayorudi kwa kuhama mahali. Ndonya, ikiondolewa mdomoni, inabaki kuwa duara la mti lililosuguliwa vizuri, na duara hilo linaweza kuwa hereni, kidani, kifungo cha koti au bizimu ya kufungia mtandio. Michoro ya chale inaweza kuhamia kwenye kitambaa, kwenye ngozi ya mkoba, au kwenye ukingo wa kanga. Uhamaji huu si mgeni katika sanaa ya Kimakonde, kwa maana wachongaji wamekuwa wakizichonga ndonya na chale katika nyuso za vinyago kwa vizazi vingi, na kwa njia hiyo pambo lililotoka mwilini likaendelea kuishi katika mti.

Kundi la tatu ni la yale yasiyopaswa kutolewa nje. Jando na unyago, yaani malezi ya kuwaingiza wavulana na wasichana katika utu uzima, vina vifaa na alama zinazofahamika kwa waliopitia tu, na barakoa za mapiko, zinazovaliwa na wachezaji wa ngoma za sherehe hizo, zina miiko yake. Kutengeneza hereni yenye alama ya unyago bila idhini ya makungwi, ambao ndio walimu wa wali, yaani wasichana wanaofundwa, ni kuwanyang'anya mali ambayo hawakuiuza.

Kuhusu malighafi, mti unaofaa zaidi ni mpingo, wenye moyo mweusi na ganda la nje lenye rangi ya krimu, ambapo fundi hodari huacha rangi zote mbili zionekane katika pambo moja. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hivyo hereni lazima ichongwe nyembamba isije ikavuta ndewe; tena hukauka polepole na kupasuka ukiharakishwa, ndiyo maana ncha za gogo hupakwa nta. Kazi huanza kwa tezo, hufuata patasi na tupa, kisha msasa mwembamba mpaka mti ung'ae. Mti huu huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kukomaa, na hutafutwa pia na watengenezaji wa zumari za Ulaya, kwa hiyo ni busara pambo dogo litokane na mabaki ya vinyago. Vijiji vya wilaya ya Kilwa, ambavyo mwaka 2009 vilianza kupata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vimeonyesha kwamba wanavijiji wanaweza kuvuna mpingo kwa kipimo na wenyewe wakafaidika.

Mfano wa mafanikio upo karibu. Ushanga wa Kimaasai umetoka katika vidani vya sherehe ukaingia kwenye ndara, mikanda na bangili zinazovaliwa ofisini na sokoni na watu wa makabila yote, na kanga, iliyoanza kuvaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, imepanda majukwaa ya Swahili Fashion Week, maonyesho yaliyoanzishwa Dar es Salaam na Mustafa Hassanali mwaka 2008. Hata hivyo ushanga wa Kimaasai unatoa pia onyo, kwani jina na michoro ya Wamaasai vimetumiwa na kampuni nyingi za nje bila wenyewe kupata chochote.

Kwa hiyo watu wa Newala na Masasi wanapaswa kuanza mapema kuliko wafanyabiashara. Shule zinaweza kuwaalika bibi wanaojua kushona vitana wawafundishe wanafunzi, tamasha la MAKUYA la mkoani Mtwara, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, linaweza kuyapa mapambo nafasi kando ya ngoma, na fundi anaweza kuambatisha kwenye kila pambo karatasi yenye jina la mchoro, kabila ulikotoka na kijiji alikochonga. Mnunuzi naye ana wajibu wake: akiuliza pambo limetoka wapi na nani amelitengeneza, swali hilo humpa fundi bei ya haki na humpa kijana wa Newala sababu ya kujifunza ufundi wa wazee wake.