Maafa Yakitokea, Nani Hulipa?

Wanachama wametuuliza: mafuriko yakiwakumba ndugu zetu wa Arusha, chini ya Mlima Meru, nani hutoa fedha? Kwa sheria ya maafa ya mwaka 2022, kamati zipo tangu kijijini na kata, wilaya na mkoa, hata taifa. Mzigo wa mwanzo ni wa wenyeji na halmashauri yao; ukiwazidi, Serikali Kuu huingia. Tuliliona hilo mkoa jirani wa Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh: Rais Samia aliagiza Serikali igharimie mazishi na matibabu.

Lakini sheria hiyo ni ya Bara. Maafa si jambo la Muungano; sisi Visiwani tunayo sheria yetu ya 2015 na Kamisheni yake. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja (Pemba ilisalimika, na bei ikapanda, tusifiche), hasara ilikuwa ya mwenye shamba, na jasho la kupanda upya lilikuwa la watumwa. Mkarafuu nao hukawia miaka kadhaa kuzaa.

Basi kila mwanachama aandikishe idadi ya mikarafuu yake kwetu, mvua za masika hazijaanza. Daftari liko ofisini kila asubuhi, ila Ijumaa.