Sakafu ya baba niliyokaribia kuivunja kwa kutoijua

USIACHE mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa mwanafunzi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Lakini maana yake niliipata mwaka 2023, nikiwa nimesimama na nyundo mkononi katika sebule ya nyumba ya marehemu baba, hapa Bujumbura.

Tulikimbia mwaka 1993, mimi nikiwa na miaka 12. Baba alifia kambini. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, mama na mimi tulirudi kama wengine na kupanga chumba Bwiza, kwa sababu nyumba yetu ya Quartier Asiatique ilikuwa na wapangaji. Mambo ya kifamilia yalichukua miaka. Hatimaye wapangaji wa mwisho walihama, baba mdogo akanikabidhi ufunguo.

Ndani kulikuwa na giza la masizi. Wapangaji walipikia mkaa sebuleni. Sakafu ilikuwa nyeusi, imejaa madoa ya mawese, na karibu na mlango kulikuwa na mashimo kama ya ndui. Mama aliingia taratibu na fimbo yake, akaitazama, akasema: "Hii ilikuwa inang'aa. Ulikuwa unajitazama humu ukisuka nywele." Mimi sikuona cha kung'aa. Niliona kazi ya kuvunja.

Kosa la kwanza

Mimi ni mfanyabiashara wa mpakani. Napeleka na kuleta bidhaa kupitia Mugina na Manyovu hadi Kigoma: vitenge, ndoo, dagaa na migebuka. Nilipiga hesabu ya kung'oa sakafu yote na kuweka makaro, yaani vigae, na nikaona mtaji wangu wa miezi mingi ungeishia chini ya miguu. Basi nikasema kwanza nijaribu kusafisha.

Muuza duka mmoja aliniuzia asidi ya chooni. Aliniambia haishindwi na uchafu. Niliimwaga sebuleni, ikachemka na kutoa povu jeupe, nami nikafurahi nikidhani uchafu unakufa. Nilipopiga maji na kukausha, pale nilipomwaga palikuwa pamepauka na kukwaruza kama ulimi wa paka. Hata ule mng'ao kidogo uliokuwa umebaki pembeni ulikuwa umekwenda. Ndipo nikaenda kuazima nyundo.

Mama ndiye aliyenizuia. "Mwanangu, kabla hujavunja mwite fundi. Ukishavunja, utamwita nani?"

Majina yanayodanganya

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja wa Buyenzi, fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam kwa kung'arisha sakafu za majengo ya zamani. Aliingia, akapiga magoti, akalowesha kidole na kusugua sehemu moja mpaka chenga nyeupe na nyeusi zikaonekana.

"Dada," akaniambia, "sakafu hii haikuwa mgonjwa. Imechafuka tu. Ugonjwa umeutia wewe kwa asidi yako."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nataka msomaji alichukue. Sisi hapa Bujumbura sakafu hii tunaiita garanito. Nilidhani basi ni jiwe la graniti, gumu lisiloogopa kitu. Kumbe sivyo. Garanito ni ile ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita terazo: chenga za mawe, mara nyingi marumaru, zilizochanganywa na saruji, zikamwagwa, kisha zikasagwa mpaka zikawa laini. Ufundi huu unajulikana tangu zamani huko Venice, ambako mafundi walitumia mabaki ya marumaru. Na ukivuka kwenda Kigoma, jina linadanganya tena: dukani ukiomba marumaru utapewa vigae vya udongo wa kuchoma, wala si jiwe lenyewe.

Majina haya si mchezo, kwa sababu kila jiwe lina adui wake. Marumaru ni jamii ya chokaa, na asidi inakula chokaa. Lile povu nililolifurahia lilikuwa ni jiwe langu likiyeyuka na kutoa hewa ya kaboni. Saruji nayo huliwa vivyo hivyo. Si asidi ya chooni peke yake, hata ndimu, siki na soda huacha alama. Graniti ya kweli haishtuki kwa ndimu, ila mafuta yakikaa juu yake huzama na kuacha doa.

Fundi alinionyesha jinsi ya kutambua. Chagua pembe iliyojificha, nyuma ya mlango au chini ya kabati. Dondosha tone moja la siki, subiri dakika chache, futa, halafu osha kwa maji. Pakichemka au pakipauka, ujue una marumaru, jiwe la chokaa au garanito. Pasipobadilika, huenda ni graniti au kigae.

Jinsi kazi ilivyokwenda

Sebule yetu ina mita 5 kwa 4. Kazi ilichukua siku tisa, ukiondoa siku ambazo umeme ulikatika.

Kwanza tuliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Madoa ya mawese fundi aliyapaka uji mzito wa magadi ya kuokea, akafunika kwa nailoni na kuacha hadi kesho yake. Uji ulipokauka ulikuwa umefyonza mafuta. Doa moja lilihitaji kurudiwa mara tatu.

Pili, mashimo yalizibwa kwa saruji nyeupe na chenga za marumaru, tukaacha siku kadhaa yashike.

Tatu ndipo ikaja mashine. Chini yake hufungwa diski zenye punje za almasi, nazo zina namba kama msasa wa seremala: namba ndogo hukwaruza sana, namba kubwa hulainisha. Alianza na 50, akaenda 100, 200, 400, 800, 1500, akamaliza na 3000. Mimi, kwa tabia ya kibiashara, nilimuuliza kwa nini tusiruke mbili tatu tuokoe pesa. Akanijibu kwamba kila diski kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka kutoka 100 hadi 800, ile 800 haiwezi kufuta mikwaruzo ya 100. Itaing'arisha tu, na jua la asubuhi likiingia utaiona yote.

Kazi yote ilifanyika kwa maji. Maji hupoza diski na kuzuia vumbi. Vumbi la mawe na saruji lina silika, na likivutwa miaka mingi huharibu mapafu yasipone tena. Fundi alinisimulia kwamba wenzake waliozoea kusaga pakavu bila barakoa leo hawawezi kupanda ngazi. Lile tope la kijivu alilikusanya kwenye ndoo. Ukilimwaga kwenye bomba la maji machafu litagandia humo, na nyaya za umeme lazima ziinuliwe zisiguse maji.

Mwisho alipaka unga wa asidi ya oksaliki kidogo, kwa glavu, akausugua kwa maji na kitambaa kizito mpaka sakafu ikaanza kurudisha mwanga. Nilishangaa kusikia asidi tena. Akaniambia hii si ile ya chooni, hutumiwa kwa kipimo na mtu anayejua, na ni sumu isiyofaa kuachwa karibu na watoto. Baada ya sakafu kukauka vizuri, ilipakwa dawa ya kuziba vitundu ili mafuta yasizame upesi.

Gharama yote haikufika nusu ya ile ya kung'oa na kuweka vigae. Na kuna jambo jingine: kigae cha kawaida kina rangi na mng'ao wa juu tu, ukishalika, umelika. Garanito au jiwe la asili ni lile lile mpaka chini. Tabaka la garanito lina unene wa sentimita moja au zaidi, na kusaga kama kwetu huondoa kidogo sana. Wajukuu wa mama wataweza kuing'arisha tena.

Kwa wanaorudi na wanaovuka

Yapo ambayo fundi alituachia kama wosia. Adui mkubwa wa kila siku ni mchanga. Punje za mchanga ni ngumu kuliko marumaru, na ukiingia na viatu vyenye mchanga wa ziwani unatembea na msasa miguuni. Weka kitambaa mlangoni, fagia kwa ufagio laini, piga deki kwa maji na sabuni isiyo kali. Usipake nta nyekundu ya sakafu: hunasa uchafu, na baada ya muda unabaki na weusi ule ule niliourithi.

Kwa wenzangu wa mpakani, diski za almasi ni nyepesi kubeba na zinatafutwa. Ila msinunue kwa kutazama rangi, kwani kila kiwanda kina rangi zake. Soma namba iliyoandikwa nyuma, na hakikisha seti haijapungua. Siku hizi kila nikienda Kigoma namletea mzee wa Buyenzi seti moja kati ya ndoo zangu.

Katikati ya sebule, chini ya masizi, ilitokea nyota ya chenga nyeusi ambayo mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Mama hakuisahau. Alisema baba alikuwa anaweka kiti chake juu yake, watoto wasigombanie pa kuchezea. Pembeni mwa nyota kuna kiraka cha saruji kisichofanana rangi na pengine. Fundi alijitolea kukirudia, mama akakataa, akasema nyumba iliyokaa miaka 30 bila wenyewe haiwezi kukosa kovu.

Ndugu msomaji unayerudi, huenda nawe utakuta sakafu nyeusi na moyo ukakuvunjika. Kabla hujaazima nyundo, chukua ndoo ya maji, sabuni na tone la siki, uangalie kwanza baba yako alikuachia nini.