Butembo na Beni: Kila nyumba mpya inakula miti, na njia mbadala bado ni ngumu

Katika mabonde yanayozunguka mji wa Butembo, moshi wa tanuri la matofali ni dalili kwamba kuna mtu anajenga. Udongo unachimbwa bondeni, unafinyangwa na kukaushwa chini ya majani. Kisha matofali yanapangwa kuwa tanuri, yanakandikwa udongo kwa nje na kuchomwa kwa magogo ya mikaratusi kwa siku kadhaa. Mwisho wa kazi hiyo ni nyumba imara, lakini kabla haijaezekwa tayari imeteketeza miti mingi ya mlimani.

Mahitaji ya nyumba hayapungui katika eneo hili la Kivu Kaskazini. Tangu mauaji ya raia yalipoanza wilayani Beni mnamo Oktoba 2014, familia nyingi zimeacha vijiji na mashamba na kukimbilia mijini. Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga, kusini mwa wilaya ya Lubero, na wakimbizi wa ndani wakapanda kuelekea kaskazini. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi hao Januari 2025, ofisi za serikali ya jimbo zilihamishiwa Beni. Kila wimbi la watu linahitaji mahali pa kulala.

Mwenye uwezo mdogo hujenga kwa mbao, au kwa fito na udongo, na kuezeka kwa mabati. Mwenye uwezo zaidi hununua matofali ya kuchoma na saruji, ambayo wengi huiita sima. Hapo ndipo gharama inapoanza kupanda. Viwanda vikubwa vya saruji vya Kongo viko Kongo Central, upande wa pili wa nchi, na hakuna barabara nzuri ya kuvuka katikati. Ni rahisi zaidi kuagiza mzigo kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi.

Barabara ya Kasindi hadi Beni ina urefu wa kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54 nyingine. Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mradi wa kuzijenga mnamo Juni 16, 2021. Lakini lori halisumbuliwi na matope peke yake. Mashambulizi ya kundi la ADF yamewahi kuifanya safari hiyo kuwa ya hatari, na hatari ya njiani huishia kwenye bei ya mfuko sokoni.

Hempu ni nini?

Katika nchi kadhaa, wajenzi wanaotafuta nyenzo isiyohitaji tanuri wamegeukia hempu, mmea wa jamii ya bangi ambao kiwango chake cha kilevi ni kidogo mno. Sehemu ngumu ya ndani ya bua hukatwakatwa, ikachanganywa na chokaa na maji, kisha ikashindiliwa kwenye ukuta au kufyatuliwa kuwa matofali. Ufaransa ilianza kutumia mbinu hiyo miaka ya 1980, na Cape Town, Afrika Kusini, kuna jengo la ghorofa 12 ambalo kuta zake zimejazwa matofali ya hempu.

Ukuta wa aina hii ni mwepesi: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 300 hadi 400 hivi, wakati zege hufikia kilo 2,400. Unazuia joto la mchana na baridi ya usiku, jambo ambalo mkaaji wa Butembo, mji ulio juu milimani, angelipenda. Wepesi nao una maana katika ukanda wa matetemeko. Machi 20, 1966, tetemeko la Rwenzori liliua zaidi ya watu 100 pande mbili za mpaka wa Kongo na Uganda.

Vikwazo vinne

Hata hivyo, kuileta hempu Butembo si kazi ndogo. Kikwazo cha kwanza ni sheria. Kongo inakataza kilimo cha bangi tangu enzi ya ukoloni, na kwa askari aliye kizuizini barabarani, shamba la hempu na shamba la bangi hufanana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamewahi kueleza jinsi makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo yanavyonufaika na biashara ya bangi. Mkulima asiye na karatasi ya kujitetea angejikuta kati ya dola na wenye bunduki.

Cha pili ni ardhi. Milima ya Lubero na Beni imejaa watu, na mikaratusi tayari inagombania nafasi na maharagwe, viazi na mihogo.

Cha tatu ni chokaa. Mawe yake yapo Hima, wilayani Kasese nchini Uganda, lakini kuyaleta kunarudisha mjenzi kwenye barabara ileile ya Kasindi.

Cha nne ni miti yenyewe: ukuta wa hempu haubebi paa. Unahitaji fremu ya mbao, na mbao za eneo hilo hutoka kwenye misitu ya Beni na Ituri, ambako magogo pia huvushwa kwenda Uganda na Kenya.

Kilicho karibu

Kwa hiyo jibu la haraka huenda liko kwenye taka za mazao ambayo wakulima tayari wanalima. Beni inalima mpunga na kahawa, na mashine za kukoboa huacha maganda. Ng'ambo ya mpaka, kiwanda cha saruji cha Hima kimewahi kutumia maganda ya kahawa kama nishati. Yanaweza kupunguza magogo katika tanuri la matofali pia. Njia nyingine ni matofali ya udongo ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono: huwekwa saruji kidogo, hukauka kivulini, na hayachomwi kabisa.

Njia zote mbili zinahitaji mtaji na mafunzo. Aidha, mkaaji aliyezoea kuona tofali jekundu kama alama ya nyumba ya kweli atataka kwanza kuona ukuta wa udongo ukivumilia misimu miwili au mitatu ya mvua.

Wenye mashamba nao wana hesabu yao. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na pesa ya magogo hulipa ada ya shule. Nyenzo yoyote mpya itakayokuja Butembo na Beni italazimika kujibu swali lao pia: kama matanuri hayatanunua tena miti yao, watauza nini?