Barbacoa: Kichanja Kilichogeuka Nyama

Aliyekulia shambani anaujua ulingo. Mtoto hupandishwa juu ya jukwaa la miti katikati ya mpunga, akashinda huko akipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo, ndege wasitue. Mwaka 1526 Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo alichapisha kitabu kuhusu nchi za Amerika alizoziona, na humo alieleza jambo hilohilo: wavulana wa wenyeji wakiamia mahindi kutoka juu ya majukwaa ya miti na matete. Jukwaa la namna hiyo, aliandika, huitwa barbacoa.

Hapo hapana nyama wala moto. Neno hilo ni la Wataino, watu wa visiwa vya Karibi, na lilitaja kichanja tu, miti iliyofungwa juu ya nguzo. Unaweza kuweka nafaka juu yake, kulala, au kuwasha moto chini ukakausha samaki. Wahispania walivutiwa na matumizi haya ya mwisho, na jina la kichanja likahamia kwenye kilichobanikwa.

Lakini halikuhama lote. Katika Havana ya zamani zimo nyumba zenye dari za juu mno, na makazi ni ya shida. Watu hugawa chumba kimoja kwa sakafu ya mbao inayopita katikati ya urefu wa ukuta, wakapata vyumba viwili, cha juu na cha chini. Sakafu hiyo huiita barbacoa. Basi Mkuba akikwambia kwamba analala kwenye barbacoa, usishtuke.

Meksiko wamefanya kinyume: wamebakiza nyama, kichanja wakakitupa. Katika jimbo la Hidalgo barbacoa ni kondoo aliyefukiwa ardhini. Huchimbwa shimo, kuni zikaungua humo hadi mawe yakakolea moto, kisha nyama hufunikwa kwa majani ya maguey na kuachwa usiku kucha. Asiyeujua maguey afikirie mkonge wa Tanga. Ni mimea ya jenasi moja, na mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Chini ya nyama huwekwa sufuria ya kukinga mchuzi, na kwangu mimi mchuzi huo ndio sababu hasa ya kuamka mapema Jumapili. Hakuna anayechoma chochote juu ya waya. Nyama inaiva kwa mvuke.

Hispania yenyewe neno limelegea: barbacoa ni jiko la mkaa la uani, na pia ni karamu yenyewe. Nchini Uruguay barbacoa ni chumba au kibanda chenye jiko la kuchomea nyama, kiasi kwamba matangazo ya nyumba hulitaja neno hilo kama yanavyotaja gereji.

Argentina, ambako nyama choma inapendwa kama ilivyo Kenya, neno la kawaida ni jingine, asado. Asado ni nyama, ni shughuli nzima ya Jumapili, na pia ni mbavu zilizokatwa kwa namna maalumu. Wavu wa kuchomea ni parrilla, na mchomaji ni asador. Ukialikwa huko, usishike koleo la mwenzio wala kuchokoa moto wake. Subiri mezani mtu aseme „un aplauso para el asador”, kisha upige makofi pamoja nao.