Je, Wajua? Kisu cha Zawadi Hulipiwa

Wapenzi wa visu vya kukunja vya Sheffield, Uingereza, wakipeana kisu, anayepokea humpa mwenzake peni moja, ili makali yasije yakakata urafiki wao. Wakikutana, kisu hupita mkono kwa mkono. Kila mmoja hukikunjua taratibu, kisha hukifunga huku ametega sikio, maana springi nzuri hulia “ta!” kavu. Bapa la chuma cha kaboni wengi hawalisugui. Hulimenyea matofaa hadi liingie rangi ya kijivu na buluu, na kwa kweli hapo ndipo linapopendeza. Mafundi wa visu wa huko wana chama chao tangu 1624. Mwaka 1822 kampuni ya Joseph Rodgers ilitengeneza kisu kimoja chenye mabapa 1,822!