Gemu ilitamba, tuzo zikaja, studio ikafungwa

Ukisikia studio ya gemu imefungwa, wazo la kwanza ni kwamba jamaa walitoa kitu kibovu, watu wakakikataa, pesa zikaisha. Mara nyingine ni hivyo kweli. Lakini kisa cha Tango Gameworks ya Tokyo hakiingii kwenye kapu hilo hata ukikisukuma.

Tango ilianzishwa mwaka wa 2010 na Shinji Mikami, yule fundi wa Resident Evil. Mwaka huohuo ikanunuliwa na ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, na mwaka wa 2014 ikatoa The Evil Within, gemu ya kukufanya ulale taa ikiwaka. Kisha Microsoft ikaja na pochi nono. Iliinunua ZeniMax nzima kwa dola bilioni 7.5, dili iliyokamilika Machi 2021. Kwa shilingi zetu za leo hiyo ni karibu trilioni moja, bana. Tango ilikuja ndani ya furushi, kama vile mtu anunue boma apate na kuku waliokuwa uani.

Januari 25, 2023, Hi-Fi Rush ikatangazwa na kuachiliwa siku hiyohiyo, bila miezi ya matangazo. Ni gemu ya kupigana ambamo kila kitu kinaenda na mdundo: ukigonga adui kwa biti pigo linaingia vizuri zaidi, na hata mitambo iliyo nyuma inacheza na muziki. Mhusika mkuu anaitwa Chai. Ndiyo, Chai.

Ilishika. Kufikia Agosti mwaka huo, zaidi ya watu milioni 3 walikuwa wameicheza. Aaron Greenberg, mkubwa wa masoko wa Xbox, alikuwa tayari ameshasema hadharani kwamba imefaulu kwa kila kipimo muhimu. Ikabeba tuzo ya sauti kwenye The Game Awards, kisha BAFTA ya uhuishaji Aprili 2024.

Mei 7, 2024, hata mwezi haujaisha tangu BAFTA, Microsoft ikatangaza kuifunga Tango.

Siku hiyo ilianguka pia Arkane Austin ya Marekani, pamoja na Alpha Dog ya Canada. Arkane walau ungewanyoshea kidole kwa sababu ya Redfall, iliyotoka 2023 ikiwa imejaa hitilafu, ingawa ndio hao hao waliotupa Prey. Kwenye barua yake kwa wafanyakazi, Matt Booty, mkuu wa studio za Xbox, alieleza kwamba nguvu sasa zinaelekezwa kwa gemu kubwa, na kwamba uamuzi huo hauhusiani na ubunifu wala ujuzi wa waliopoteza kazi. Kesho yake, The Verge wakaripoti, akawaambia wafanyakazi kuwa kampuni inahitaji gemu ndogo za kuiletea heshima na tuzo.

Si hiyo ndiyo walikuwa nayo jana?

Hapa ndipo hesabu ya mnunuzi inapotofautiana na ya mchezaji. Hi-Fi Rush iliingia Game Pass siku ya kwanza, kwa hivyo wale milioni 3 ni wachezaji, si wanunuzi. Mwenye usajili alishalipa ada yake ya mwezi, Chai awepo asiwepo. Halafu ukimaliza gemu moja, mishahara inaendelea kwa miaka kabla nyingine itoke. Bloomberg waliripoti kwamba Tango ilikuwa ikiomba kutengeneza sehemu ya pili. Na Microsoft, Oktoba 2023, ilikuwa imemaliza kulipa takriban dola bilioni 69 kwa Activision Blizzard. Mbele ya doo kama hiyo, studio ndogo ya Tokyo inageuka mstari mmoja kwenye jedwali la matumizi, na mstari ni rahisi kufuta.

Mchezo huu ni wa kitambo. EA, ambayo wengi wetu mtaani tunaijua kwa FIFA, ilinunua Westwood mwaka wa 1998 ikaifunga 2003. Ilitangaza kuichukua Pandemic 2007, ikaifunga 2009. Volition, wenye Saints Row, walimaliza miaka 30 kisha Embracer ikawafungia Agosti 2023, miezi michache baada ya dili yake ya dola bilioni 2 kuporomoka.

Tango walipata bahati ambayo wengi hawaipati. Agosti 2024, Krafton ya Korea Kusini, wenye PUBG, ilitangaza kuichukua timu hiyo pamoja na haki za Hi-Fi Rush. The Evil Within na Ghostwire: Tokyo hazikuwa kwenye dili hiyo. Walizitengeneza wenyewe, lakini wakitaka kuziendeleza lazima wabishe mlango wa Microsoft.

Na mwenye nyumba mpya naye si malaika kwa kila mtu. Mwaka wa 2025, waliomuuzia studio ya Unknown Worlds walienda mahakamani Marekani wakipigania bonasi ya hadi dola milioni 250.