Nakala Moja, Kompyuta Nyingi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukubali Huduma

Shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo vyenye matawi hutumia kompyuta nyingi. Badala ya kuweka programu katika kila kompyuta peke yake, fundi huandaa moja, huiwekea mfumo endeshi na programu zinazohitajika, kisha huchukua nakala kamili ya diski yake. Nakala hiyo huhifadhiwa katika seva, na kompyuta nyingine huipokea kupitia mtandao. Kazi huwa nyepesi na kompyuta zote hufanana.

Ugumu hujitokeza matawi yanapokuwa mbali. Nakala ya gigabaiti 20 ikipita katika mtandao wa ndani wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua takribani dakika 3 katika hali nzuri. Ikitumwa tawini kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 4 kwa kompyuta moja tu. Kwa sababu hiyo, inafaa kila tawi liwe na seva yake ndogo. Makao makuu hutuma nakala mara moja, ikiwezekana usiku, na kompyuta za tawi huipokea kutoka seva iliyo karibu nazo.

Hata hivyo, chochote kilichomo katika nakala husambaa pamoja nayo. Nywila ya msimamizi ikiwa ni ile ile kila mahali, anayeipata katika tawi moja huweza kuingia katika kompyuta za matawi mengine. Faili la mteja lililosahaulika humo hufika hata kwa wasiohusika, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaitaka taasisi kulinda taarifa inazokusanya. Vilevile, nakala ya zamani hurudisha udhaifu uliokwisha kurekebishwa. Kwa mfano, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Hasara kubwa zaidi ni hii: kompyuta inapopokea nakala mpya, vilivyokuwa katika diski yake kwa kawaida hufutwa. Daftari la marejesho ya mikopo lililohifadhiwa humo pekee huweza kupotea kwa dakika chache.

Kabla ya kutia saini mkataba, unashauriwa:

1. Kuhifadhi kumbukumbu zote mahali pengine, na kuhakikisha kwamba zinafunguka.
2. Kudai orodha ya programu zilizomo katika nakala pamoja na uthibitisho wa leseni zake.
3. Kuuliza nakala huhuishwa mara ngapi, na jinsi seva za matawi zinavyohakikishwa kuwa na toleo moja.
4. Kutaka kila kompyuta iwe na nywila yake ya msimamizi.
5. Kutaka majaribio yafanyike katika kompyuta moja ya tawi moja kabla ya kuendelea na nyingine.
6. Kukubaliana kwa maandishi nani atawajibika iwapo taarifa zitapotea.

Tunza mkataba na risiti. Huduma isiporidhisha, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Dai lisilo na kumbukumbu ni vigumu kulithibitisha.